Honda CG125 ya zamani: nilivyoifufua, na wapi pesa ilistahili kwenda

Niseme mapema. Kama unatafuta chombo cha kupiga bodaboda kuanzia kesho alfajiri, kanunue Boxer au TVS mpya uachane na haya. Haya ni ya mtu aliyeona Honda ya zamani imeegeshwa mahali, akaitamani, na sasa anajiuliza kama anaokota mali au anajitwisha mzigo.

Yangu ni CG125 ya Kijapani ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, yenye umeme wa volti 6 na platini (vipande viwili vinavyofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche). Ilikuwa ya bwana shamba mmoja hapa Morogoro. Alipostaafu akaisukumia stoo nyuma ya nyumba, kuku wakaifanya yao. Nilipokwenda kumwomba aniuzie, mzee alicheka. "Mwanangu, hiyo haijawahi kuniacha njiani. Ni mimi ndiye nimeiacha yenyewe." Kadi alikuwa nayo, na namba za injini na chesisi zililingana na zilizoandikwa humo. Bila hivyo nisingeigusa hata kwa bei ya chuma chakavu. Anza na kadi kila mara, kutu baadaye.

Sababu ya kuchagua CG na si Honda nyingine yoyote iko ndani ya injini. Honda walipoitoa mwaka 1976 walikuwa wanalenga nchi ambazo pikipiki inabeba mizigo na haionani na fundi mpaka igome. Hivyo hawakuweka cheni ya taimingi, ile inayozungusha kemshafti, mhimili unaofungua vali. Kemshafti iko chini, inaendeshwa na gia, na vali zinasukumwa na fito mbili zinazopanda hadi juu. Hakuna cheni ya kulegea wala tenshena (kikaza cheni) ya kuchoka. Ilitengenezwa pia Brazili na Pakistani, na Wachina nao wakainakili kwa wingi. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaza vijiwe vyetu zina injini iliyozaliwa na hii. Maana yake ni kwamba spea za pikipiki iliyotoka kiwandani zaidi ya miaka arobaini iliyopita unazipata Kariakoo, unazipata Msamvu, hata kwenye kibanda cha spea pale Mlali.

Lakini spea kuingia ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine. Hapo ndipo watu wengi wanapopigwa.

Gereji ya kwanza niliyoipeleka, iko barabara kuu, sitaitaja, fundi aliitazama kwa muda mfupi kuliko ninavyotumia kufunga kofia. "Bosi, tushushe hii injini tuweke ya Kichina nzima, mambo yaishe." Kweli ingeingia, maana hata matundu ya kufungia kwenye fremu yanaelekeana. Ila namba ya injini ingetofautiana na kadi, na ningebaki na fremu ya Honda iliyobeba kitu kingine. Nilipokataa akaja na la pili: tuweke silinda na pistoni ya 150. Pistoni ya 150 ina kipenyo cha milimita 62 wakati ya 125 ni 56.5, kwa hiyo inabidi kinywa cha kreki kesi (bodi ya chini ya injini) kichongwe ili silinda ikae. Ukishachonga, hurudi tena nyuma. Nikamshukuru, nikasukuma pikipiki yangu nikaondoka. Huduma ile naipa alama moja kati ya tano, na hiyo moja ni kwa sababu hakunitoza kwa ushauri.

Fundi niliyekuja kufanya naye kazi ana kagereji kadogo uani kwake, na sifa yake kubwa ni kwamba anapima kabla ya kufungua. Alichomoa plagi, akamimina mchanganyiko wa dizeli na oili kwenye silinda, akasema tuiache ilale. Injini iliyokaa miaka, ringi za pistoni hushikana na ukuta wa silinda. Ukilazimisha kiki unakwangua au unavunja. Tulipoirudia tuliweka gia ya juu kabisa tukaisukuma mbele na nyuma kwa tairi la nyuma, taratibu, mpaka ikaachia. Nilipenda subira ile. Gereji nyingi hapo wangekuwa wameshachukua nyundo.

Tangi lilikuwa na kutu ndani. Hapa usinunue dawa za bei mbaya. Tulitupa kipande cha cheni kuukuu ndani tukalitikisa hadi mikono ikauma, tukamwaga uchafu, tukajaza siki ikakaa usiku kucha na mchana wake, kisha tukasuuza kwa maji ya magadi. Magadi ndiyo yanaua ukali wa siki. Usiposuuza nayo, kutu inarudi kabla hujafika nyumbani. Baadaye likakaushwa juani na kusuuzwa kwa dizeli kidogo. Nimeongeza filta ya petroli kwenye mpira, na nakushauri nawe ufanye hivyo hata kama tangi linang'aa.

Kabureta ni Keihin yake ya asili. Petroli iliyokaa ilikuwa imegeuka gundi, na jeti ndogo ya sailensa (inayolisha injini ikiunguruma bila kufunguliwa mafuta) imeziba kabisa. Ilisafishwa kwa unyuzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Sindano ya chuma inapanua tundu, na tundu likishapanuka pikipiki inakunywa mafuta maisha yake yote. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu kabureta mpya ya Kichina niliyoazimwa, ikawasha vizuri tu, ila ukifungua mafuta ghafla inasita kabla ya kuvuta. Ya zamani iliposafishwa haikusita. Kama kabureta yako ya asili haijapasuka, usiitupe.

Sasa injini yenyewe, ambako ndiko pesa nyingi ilikwenda. Silinda ilipopimwa ilikuwa imeliwa upande mmoja, na ile dalili ya moshi wa bluu aliyonisimulia mzee ikaeleweka. Pistoni za Honda hii huja kwa ukubwa wa kuongeza robo milimita kila hatua: 56.75, 57.00, hadi 57.50. Kanuni ambayo fundi wangu hakutaka kujadili ni hii: unanunua pistoni kwanza, unaipeleka pamoja na silinda kwa mtu wa mashine ya kuchongea, naye anachonga kufuata pistoni ile ile mkononi mwake. Ukipeleka silinda peke yake, uchongewe kwa namba ya kwenye karatasi, halafu utafute pistoni, unacheza bahati nasibu. Yangu iliishia 57.00. Kazi ya mchongaji naipa tano bila kusita. Ukipitisha kidole ndani husikii ngazi popote, na ile mikwaruzo ya msalaba ya kushika oili ilikuwa imepigwa sawasawa.

Vali zilisagwa, sili za vali zikabadilishwa. Nafasi ya vali kwenye CG ni milimita 0.08 kwa zote mbili, injini ikiwa ya baridi, pistoni ikiwa juu na alama ya T ya kwenye sumaku ya injini imelingana. Mafundi wengi wanaipima kwa kutikisa na kidole. Nunua fila yako (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), haina bei kubwa, ukae nayo.

Kuna kitu kingine ambacho naamini kimeua CG nyingi kuliko barabara mbaya. Injini hii haina filta ya oili ya karatasi. Ina wavu chini na kikombe kinachozunguka upande wa klachi, ambacho hurusha uchafu pembeni kwa mzunguko wake na kuuhifadhi. Kikombe hicho hakisafishwi mpaka ufungue kava la kulia, na kwa kuwa linahitaji gasketi mpya, hakuna anayelifungua. Changu kilikuwa kimejaa tope gumu jeusi, likatoka vipande vipande. Ukinunua CG ya zamani, hata kama inawaka vizuri, fungua hapo.

Oili ni takriban lita 0.9 ukibadilisha. Tafuta ya pikipiki, yenye maandishi JASO MA kwenye chupa. Klachi ya pikipiki hii inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari zina vilainishi vinavyoifanya iteleze. Wauza duka watakwambia oili ni oili. Wanafanya biashara yao.

Kwenye spea za kunakili nilijifunza kutenganisha. Klachi pleti, breki shu, kebo, gasketi, cheni ya 428 na spoketi zake, hizo za Kichina zimenifaa, na bei yake ni ya kibinadamu. Beringi, oili sili, platini na kondensa sikubahatisha. Platini za bei ya chini zilitoboka mapema, pikipiki ikaanza kumisi ikipata moto. Nilipopata seti nzuri, tukaziweka nafasi ya milimita 0.35 na kuhakikisha zinaanza kufunguka alama ya F, ya kwenye sumaku ile ile, inapolingana, ugonjwa ukaisha. Wengi wanakimbilia kubadilisha mfumo wote kuwa CDI (cheche za kielektroniki zisizotumia platini) na volti 12, na kwa anayesafiri usiku nawaelewa, kwa sababu taa ya volti 6 inamulika kama mshumaa wa sherehe. Mimi sikubadilisha. Hilo ni suala la ladha.

Baada ya kufunga tuliizoesha kwa upole: hakuna kuiacha ikiunguruma imesimama, hakuna kushikilia mwendo mmoja muda mrefu, oili ya kwanza ilimwagwa mapema ikiwa bado inaonekana safi. Ilikuwa na chembe za chuma zinazometa, kama ilivyotarajiwa kwa ringi mpya. Plagi sasa inatoka na rangi ya kahawia hafifu. Ingekuwa nyeusi na kavu ningejua mafuta yamezidi. Ingekuwa nyeupe ningekuwa na wasiwasi zaidi, maana hapo injini inaungua.

Kipimo changu kilikuwa mlima wa kutoka Mlali kwenda Mgeta, na gunia la viazi wakati wa kurudi. Inapanda gia ya pili bila kulalamika, inashika kiki ya kwanza asubuhi za baridi kule juu, na moshi wa bluu haupo. Breki ya mbele ni ya ngoma na kwenye mteremko lazima uipangie mapema. Aliyezoea diski asidhani imeharibika.

Gharama yote, pamoja na kununua, haikufika nusu ya bei ya pikipiki mpya, ila ondoa muda. Muda uliokwenda kutafuta sili moja ningeweza kuwa nimeshafanya kazi nyingine tatu. Na kama fundi wako hana maikromita wala hataki kukuonyesha vipimo, hata spea ziwe za Kijapani halisi, peleka pikipiki kwa mwingine.