Mtumbwi Ziwa Momella Dogo: unacholipia na usichokipata

Huduma ya mtumbwi katika Ziwa Momella Dogo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, inastahili pesa yake kwa sababu moja kubwa: inakufikisha kwenye kingo zenye majimaji ambako gari haliwezi kusogea. Anayeifuata kwa ajili ya picha ya heroe (flamingo) atarudi na kinyongo. Heroe wengi hukaa Momella Kubwa, ziwa jirani, na hao huonekana vizuri kutoka barabarani bila kulipia mtumbwi hata kidogo. Bango linalochanganya kafi (kasia la mkono) na heroe katika picha moja lisikuvute.

Tofauti ya maziwa haya inatoka Mlima Meru. Miaka ipatayo 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima uliporomoka. Tope na mawe vikashuka mpaka huku, vikaacha vilima vidogo na mabonde, na mabonde yakajaa maji, mengi yakitoka chini ya ardhi. Njia ya maji hayo kupungua ni jua kuyavukiza, kwa hiyo magadi hubaki na kukolea, kila ziwa kwa kiwango chake. Ndiyo maana ukisimama kilimani utaona ziwa moja limeelekea kijani na jingine kibuluu. Aina iitwayo heroe mdogo hula mwani unaostawi kwenye magadi, akiuchuja kichwa kikiwa kimepinduliwa. Mvua kubwa ikizimua maji, mwani hupungua, naye huhamia kwingine, ziwa Natron au Manyara. Hakuna mwongozaji mkweli anayeweza kukuahidi heroe kwa tarehe.

Momella Dogo lina viboko, na hao ndio wanaoamua safari yako itapita wapi. Mwongozaji mzuri hatoki ufukoni kabla ya kutazama ziwa lote na kujua kundi liko wapi. Kiboko anaweza kukaa chini ya maji kwa takriban dakika tano, hivyo kutomwona hakumaanishi hayupo. Dalili ni msururu wa mapovu, au wimbi dogo linalosogea kama mshale wakati hakuna upepo. Akipanua kinywa akikuelekea, hapigi miayo: anakuonya, na mtumbwi urudi nyuma taratibu bila kupiga kafi kwa kishindo. Kosa baya zaidi ni kujipenyeza kati ya kiboko aliye ukingoni na kina kirefu. Akishtuka hukimbilia majini, na wewe uko njiani. Askari mwenye silaha yupo katika safari hizi, lakini bunduki haibadilishi umbali. Umbali ndio usalama.

Maelekezo kabla ya kuondoka yasiwe ya kukimbizana. Jaketi la kuelea lifungwe vifungo vyote, na likivutwa juu mabegani lisifike masikioni. Likifika, ni kubwa mno, omba jingine. Mwongozaji hukaa nyuma kwa sababu mtumbwi huongozwa kutoka nyuma. Mizigo ikae chini katikati. Mtumbwi hupinduka mara nyingi kwa sababu ya abiria, si mawimbi: wawili wanaegemea upande mmoja kupiga picha, au mtu anasimama. Simu iwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji wenye kamba. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, usiitegemee.

Sasa ukingo wenyewe, ambao kwetu ndio roho ya safari. Pale magadi yanapofika, ndago ni fupi na zimebanana, na ndipo kuro na nyati hushuka kula. Penye chemchemi ya maji baridi, yasiyo na magadi, mimea hurefuka ghafla, na ndege hubadilika nayo. Bata bukini watakupigia kelele kabla hujafika. Ndege aitwaye fundichuma husimama kwenye tope akikoroga kwa mguu. Lakini mtazame kibisi, yule ndege mdogo wa mviringo anayezama na kuibuka mita kadhaa mbele. Kiota chake huelea, kimefungwa kwenye majani ili kisichukuliwe na maji, na akiondoka hufunika mayai kwa magugu yaliyolowa. Ukimfikia ghafla hukimbia bila kufunika, na mayai yanabaki wazi kwa kila mwewe anayepita. Wimbi la mtumbwi uendao kasi nalo linaweza kukilowesha kiota au kukiondoa mahali pake. Kwa hiyo mwongozaji akikata kona mbali na majani, hakunyimi kitu. Anayesukuma mtumbwi ndani ya majani ili mteja apate picha, huyo hafai. Vifaranga wakishaanguliwa hubebwa mgongoni mwa mzazi, na kwa darubini utaona vichwa vimejipanga kati ya manyoya.

Chagua safari ya asubuhi. Upepo huongezeka mchana na kupiga kafi dhidi yake huchosha wasiozoea. Isitoshe, kreta ya Meru imefunguka mashariki, hivyo jua la asubuhi huiangaza moja kwa moja kabla ya mawingu kuifunika, na Kilimanjaro nayo huonekana zaidi mapema. Maziwa yako karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Juni hadi Agosti beba sweta. Oktoba hadi Aprili kuna ndege wahamiaji kutoka kaskazini ya dunia, na kwa mpenda ndege huo ndio msimu. Masika barabara za ndani huteleza, gari la chini kama Noah si la kutegemea.

Maji ya ziwa yasinywewe wala yasioshee matunda. Yana madini ya floridi nyingi mno: vipimo vilivyochapishwa vilifika mamia ya miligramu kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi 1.5. Wenyeji wa upande wa Ngare Nanyuki, jirani na hifadhi, wanaifahamu kwa meno ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Beba maji yako kutoka mjini.

Kutoka Arusha au Moshi, unaacha barabara kuu pale Usa River na kupanda hadi geti la Ngongongare. Daladala itakufikisha Usa River, lakini kuzunguka maziwa kunahitaji gari. Malipo getini si ya fedha taslimu. Pata namba ya malipo mapema, kwani foleni ya asubuhi ikikuchelewesha ndiyo saa nzuri ya ziwa inayopotea.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji mambo manne. Je, bei inajumuisha kiingilio cha hifadhi, ada ya mtumbwi na askari, au ni mtumbwi tu? Safari inaanza saa ngapi majini, siyo saa ngapi hotelini? Upepo au viboko wakizuia safari, pesa inarudi au inahamishiwa matembezi ya miguu? Na mtumbwi mmoja unabeba watu wangapi? Akisita kwenye swali la tatu, tafuta mwingine.