Nyumba tupu au nyumba ya pili: ipi iongezewe kodi ya majengo?

Uingereza, tangu Aprili 2024, halmashauri inaweza kuiongezea kodi kwa asilimia 100 nyumba iliyokaa tupu mwaka mzima. Ikipita miaka kumi, nyongeza hufika asilimia 300. Nyumba ya pili, ile yenye samani ya kuja na kuondoka, iliingizwa kwenye nyongeza hiyo Aprili 2025, mwisho asilimia 100. Kwetu Kenya kodi ya majengo iko mikononi mwa kaunti kwa Katiba ya 2010. Tuseme Lamu ingetaka kuiga: ianze na ipi?

Nyumba tupu ya Mkomani, mtaa wa mji mkongwe wa Lamu, unaijua: daka la mlangoni limejaa vumbi, kufuli imeshika kutu, boriti za mkoko zimeoza kwa maji ya mvua. Na ukuta mmoja ni wa majirani wawili, kwa hiyo haiporomoki peke yake. Lakini mwenyewe nani? Warithi kumi na wawili, mmoja Mombasa, mmoja Maskati, wengine hawasemezani. Ukiwabana, watauza haraka, na mnunuzi huenda akawa yuleyule wa nyumba ya pili.

Sasa nenda Shela, kijiji cha pwani kisiwani humo humo, uione nyumba ya pili. Bwawa limesafishwa, mwangalizi yupo, mwenyewe huja Desemba. Inaajiri watu, sikatai. Ila huyu kulipa anaweza, na mimi ningeanza naye. Hila haikosi: ataiita nyumba ya wageni, biashara, aikwepe nyongeza. Wales walishaliona hilo, wakataka ipangishwe siku 182 kwa mwaka ndipo ihesabiwe biashara.