“Namba itakusaidia nini, mama?”

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo nikizidisha chumvi mtanisamehe. Ilikuwa kipindi cha baridi, mwezi wa sita au wa saba, ile baridi ya Mbeya ambayo asubuhi ukishika mkasi vidole vinagoma. Mimi ni fundi cherehani, niko Mwanjelwa miaka mingi, na nilikuwa nimefika mahali kutunga uzi kwenye sindano mpaka nimwite mtoto wa jirani. Nikasema yaishe, nikatafute miwani ya kusomea.

Duka silitaji. Bango lao lilikuwa kubwa kuliko mlango: PIMA PRESHA YA MACHO KWA TEKNOLOJIA YA SAUTI, HAKUNA MAUMIVU. Shilingi elfu kumi. Miwani nikaisahau hapo hapo, nikaingia kwa ajili ya presha.

Niwaambie kwanini. Marehemu baba alipofuka macho akiwa Tukuyu. Hakuumwa jicho hata siku moja. Alianza kujigonga begani kwenye fremu za milango, anauliza nani kasogeza mlango. Wengine wakasema kalogwa kwa ajili ya mpaka wa shamba. Tulipompeleka kwa daktari jicho moja lilikuwa limeshakwenda na la pili lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Glakoma, ule ugonjwa ambao mara nyingi presha ya jicho huharibu mshipa wa kuonea. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba huko nyuma alishapimwa mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa “iko kawaida, mzee.” Kawaida ngapi? Hakuna aliyemwandikia.

Basi, nikakaa kwenye kiti. Kijana aliyenipima ana mikono mizuri, hilo namsifu. Kashika kidude kama mashine ya kunyolea, kakisogeza karibu na jicho, nikasikia pii, pii, pii, mara sita. Jicho lingine hivyo hivyo. Hakuna dawa ya ganzi, hakuna kuchomwa, ni kama unywele umegusa kope. Nikamwambia, “Mwanangu, hii kitu nzuri sana. Sasa ni ngapi?”

Akasema, “Iko juu kidogo, nenda hospitali.”

“Sawa, lakini ni ngapi?”

“Namba itakusaidia nini, mama?”

Hakunitazama hata usoni. Kisha akageuka na kumpazia sauti dada wa kaunta, duka zima likisikia: “Huyu ishirini na nne, mtolee risiti!”

Yaani macho yangu, hela yangu, halafu namba anapewa mtu wa risiti! Kuna mzee pale alikuwa anajaribu fremu, naye kaijua presha yangu kabla yangu. Nikauliza ishirini na nne ni ya jicho la kulia au la kushoto. Kijana akaita, “Anayefuata.” Risiti ikaandikwa “vipimo 10,000” basi, wala ishirini na nne haikuandikwa.

Mimi nafanya kazi ya kupima watu. Mteja akisimama mbele yangu nazungusha futi kiunoni, akiniuliza nasema thelathini na nne, hata kama hapendi kusikia, na ninaiandika kwenye daftari mbele yake. Sijawahi kumwambia mtu kiuno chake hakimhusu.

Na kuna jambo jingine ambalo sina uhakika nalo, ila sitalificha: sikumwona akibadilisha kile kijiti cha mbele kati yangu na aliyenitangulia. Labda alibadilisha nikiwa navua mtandio.

Usiku sikulala. Jirani akaniambia nisiogope, maana presha yangu huwa nzuri kila nikipima kliniki. Ile ni presha ya damu, hii ni ya maji yaliyo ndani ya jicho. Unaweza kuwa na moja nzuri na nyingine ikakumaliza. Sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Wiki iliyofuata, au ile nyingine, nikafunga kibanda nikaenda hospitali. Foleni tangu saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana, hilo nalo lina maandishi yake siku nyingine. Daktari aliyenipokea ni dada wa makamo, mpole. Nikamsimulia habari za mashine ya sauti, akacheka mpaka akavua miwani.

“Mama, ile pii ni ya kuhesabu tu. Cherehani yako si inalia? Inashona kwa kulia?”

Akanieleza taratibu. Kile kidude kinarusha kijiti chepesi sana, kinagonga kioo cha mbele cha jicho na kurudi. Jicho likiwa gumu kwa presha, kijiti kinarudi haraka zaidi. Kinarushwa mara sita, mashine inaondoa kipimo cha juu kabisa na cha chini kabisa, inachukua wastani wa vinne vilivyobaki. Na kijiti ni cha mtu mmoja, kikishatumika kinatupwa. Hapo nikamkumbuka kijana na mtandio wangu, damu ikachemka upya.

Sauti haikuhusika kabisa! Binti yangu aliyeko chuo aliponitafutia, akakuta kwamba kupima presha ya jicho kwa mawimbi ya sauti ni jambo ambalo watafiti wanalihangaikia kweli, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Birmingham kule Uingereza. Wazo lenyewe linaeleweka hata kwa fundi baiskeli: tairi lililojaa ukiligonga halilii kama lililolegea. Wanataka siku moja mtu ajipimie nyumbani. Lakini huo ni utafiti, si duka la Mbeya kwa elfu kumi.

Hata hivyo, ngoja, maana hapa ndipo nilipoanza kulegea. Daktari alinipima upya kwa njia yao: dawa ya ganzi, rangi ya njano, kidevu kwenye mashine, taa ya bluu inakusogelea mpaka inagusa. Kulia 23, kushoto 22. Kawaida ni kati ya 10 na 21. Akaandika vyote viwili kwenye karatasi bila kuombwa. Kumbe kijana hakukosea, na presha yenyewe hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Kama si bango lao la uongo nisingejua kitu, ningenunua miwani nikaenda zangu.

Halafu akasema, “Sasa ngoja tukupime kwa sauti kweli.” Akanigusa jicho kwa kitu kama kalamu. Sikusikia chochote. Ni sauti nyembamba ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia, inaingia kwenye kioo cha jicho, inagonga nyuma yake na kurudi, na kwa muda iliotumia mashine inajua unene wa kioo. Wengi wana mikroni 540 hivi, yaani sehemu za elfu za milimita. Mimi nina 602. Kioo kinene kinaidanganya mashine ya presha, inasoma juu kuliko ilivyo ndani. Nikamwambia nimeelewa, ni kama kushona jinzi: sindano inapata tabu, ukadhani cherehani ni mbovu, kumbe ni kitambaa.

Hakuniambia nimepona, maana sikuwa nimeumwa. Alichungulia mshipa wa jicho kwa nyuma, akanipima uoni wa pembeni, na kwa sababu ya baba akataka nirudi kila baada ya miezi sita. Akaniagiza niwaambie ndugu zangu wa tumbo moja nao wapime. Mmoja kaenda, wawili wanasema wanaona vizuri. Baba naye alikuwa akisema hivyo hivyo.

Kwa hiyo lile duka nalipatia nyota ngapi? Nilipoanza kuandika nilitaka kulipatia moja. Kifaa ni kizuri, mkono wa kijana ni mwepesi, na kipimo kilikuwa kweli, basi tatu. Lakini kila nikikumbuka “namba itakusaidia nini” zinashuka. Mbili. Mkienda, mwambieni afungue kijiti kipya mbele yenu, na msitoe hela kabla hajaandika kulia ngapi, kushoto ngapi.

Miwani ya kusomea bado sijanunua. Fremu zao ndizo nzuri kuliko za wengine wote hapa mjini, na hilo ndilo linaniudhi zaidi.