Mbunifu wa ndani niliyempa gesti yangu Jambiani: macho nyota tano, karatasi nyota mbili

Jamani naandika hii mana kila anoziona picha za gesti ananiuliza nani kakupambia. Jina simtaji, tushamalizana, na kazi yake kwa macho haina mpinzani. Boriti za dari kaziacha wazi, kuta chokaa nyeupe, vitanda vya samadari, mito kitambaa cha buluu iliyokoza, yani mgeni akiingia tu simu nje anapiga picha. Hapo nyota tano sina neno.

Kasheshe ni manunuzi. Kwetu huku mbunifu ndo anaagiza kila kitu, unampa hela anakwenda Mwanakwerekwe kwa maseremala, taa anazitoa Dar zinakuja na boti mpaka Malindi, bandari ya hapa Unguja, wewe kazi yako kusubiri. Sasa ile meza kubwa ya kulia, mninga, ikapasuka katikati hata kaskazi haijesha, mbao haikukauka vizuri. Nampigia mbunifu ananambia mie nilikuwa wakala wako tu, mfate seremala. Haya, nikamfata, akanijibu kwa adabu kabisa: bimkubwa mie wewe sikujui, alonilipa na aloandikiwa risiti ni yule bwana. Nikabaki katikati na meza yangu ufa unaingia kidole!

Nikampelekea ankara jamaa yetu mmoja mwanasheria, kaisoma akacheka. Meza imeandikwa kama mali ya mbunifu anoniuzia, bei yake mwenyewe, cha juu, yani faida yake, kishaingia humohumo, na VAT 15% kaipiga kwenye bei nzima ya meza, siyo kwenye ujira wake tu. Huyu kauza, akasema, na muuzaji ndo anojibu kitu kikiwa kibovu, habari ya yeye na seremala ni yao wenyewe. Akitaka kuwa wakala hapana ubaya, lakini wakala risiti ya fundi anakuonesha kama ilivyo, inaandikwa jina lako, na malipo yake mnapatana mapema. Cha juu cha kimyakimya kwa wakala sheria haikitaki, unaweza kumdai akitapike. Lisilowezekana ni ale faida ya muuzaji halafu lawama zikija ageuke wakala.

Haki yake mbunifu nimpe, nilipomuwekea maneno hayo hakubisha, meza kanitengenezea nyengine kwa gharama zake. Na nadhani yeye ndo kaumia zaidi, mana hela alompa seremala hajarudishiwa mpaka leo, walipatana kwa mdomo tu, hapana pahala palipoandikwa mbao iwe kavu kiasi gani wala ikipasuka nani analipa. Wabunifu wengi wanaona kile cha juu ni hela ya mafuta na kupanda dala, kumbe ndo kinowatia kwenye kesi.

Taa mbili pia zilifika zimevunjika, boti wanasema zilipakiwa vibaya, duka la Dar wanasema zilitoka nzima, hizo kazilipa yeye bila maneno mengi.

Kwa hiyo nyota tatu na nusu. Jiko bado halijafanywa na nimempa yeye yeye, ila mara hii achague tu na kuchora, ujira wake tushauandika, sinki na makabati nalipa mwenyewe dukani na risiti inatoka jina langu.