Plasma ya ampea 40: springi inakatika kama papai, ngoja sasa utoboe

Nina miezi kama minane na hii mashine, zile plasma ndogo za inveta za kukatia chuma, ambazo kompresa ya hewa unajitafutia mwenyewe, naitumia karakana ya nyumbani tu. Naandika kwa sababu kila mtu anauliza kama inakata chuma kilichokazwa, yaani kilichofanywa kigumu kwa moto, na anajibiwa ndio halafu basi, stori inaishia hapo. Ndio inakata, tena vizuri mno. Utamu unaisha ukishika drili.

Mimi kazi yangu kubwa ni springi za gari, zile bapa, natengenezea visu, mabano na vitu vya trela. Zamani ilikuwa grainda mwanzo mwisho, diski zinaisha, mkono unakufa ganzi, cheche mpaka kwenye soksi. Plasma haina habari na ugumu wa chuma maana haikwaruzi, inayeyusha kwa umeme halafu hewa inapuliza ule uji chini, kwa hiyo laini au kigumu kwake yote sawa, inachoangalia ni unene. Kwenye boksi wameandika milimita 12, mimi nasema 10 ndio mwisho wa kukata ukafurahi, 12 inapita ila unatambaa kama konokono na mavi ya chuma yananing'inia chini kama ndevu za beberu.

Sasa shimo. Nilikata kipande cha springi nikaona nijiongeze, nikapasua katundu katikati kwa plasma hiyo hiyo nikijua nitakapanua na biti ya milimita 10. Weeh. Biti ilipiga yowe, moshi, ncha ikawa bluu na makali yote yamelika, nikaweka nyingine nayo ikaenda hivyo hivyo, nikakaa nawatukana waliotengeneza biti. Kuja kupitisha tupa kwenye ukingo wa lile tundu, inateleza kama iko juu ya kioo! Hapo ndio akili ikanirudi. Springi ina kaboni ya kutosha, pale plasma ilipopita chuma kimepata moto mkali halafu chuma cha pembeni ambacho bado cha baridi kimelinyonya lile joto fasta, ni sawa na umekichovya kwenye maji, ukingo umekuwa mgumu kuliko springi yenyewe. Na hewa ya kompresa asilimia 78 ni naitrojeni, nayo inaingia kwenye ukingo inaongeza ngozi yake juu. Ngozi yenyewe nyembamba, nikisaga milimita moja mbili hivi na grainda tupa inaanza kung'ata, lakini ndani ya tundu dogo grainda unaiingizaje?

Kwa hiyo siku hizi natoboa kwanza, ndio nakata. Natumia biti ya kobalti, ile iliyoandikwa M35 yenye kobalti asilimia 5 au M42 yenye 8, na nachagua fupi kwa sababu ndefu inapinda. Drili ya kusimama, kipande kimebanwa haswa, biti ya milimita 10 naizungusha kama mara 200 kwa dakika, oili, halafu nakandamiza kweli kweli, ukiionea huruma ikazunguka bila kula inasugua tu na umeshaiua. Springi nyingi zinakubali hivyo. Ikigoma kabisa kuna biti ya kabaidi, ngumu zaidi ila inavunjika kirahisi, hiyo inakula karibu kila kitu ila haitaki kutikisika hata kidogo, ya kwanza nilivunja wakati inatokea upande wa pili, kwa drili ya mkononi usijaribu. Kama una muda choma pale pa shimo mpaka sumaku isishike, zika kwenye majivu makavu mpaka kesho, utatoboa na biti ya kawaida, ila ujue springi yako imelainika na kuikaza tena ni kazi nyingine.

Turudi kwenye mashine. Ilinisumbua mwezi wa kwanza, nozo, kile kincha cha mbele moto unakotokea, zinaliwa kila siku nikahisi nimepigwa, kumbe ni maji kwenye hewa. Nilifunga kichujio cha maji karibu na mashine, presha ya hewa nikaweka baa nne na nusu, tatizo likaisha. Elektrodi, ile iliyo ndani nyuma ya nozo, tazama kile kidoa katikati, kikichimbika milimita moja na nusu hivi badilisha, ukichelewa inaondoka na nozo. Kompresa yangu ya lita 24 haiwezani nayo, nakata kidogo nasubiri ijae, nakata nasubiri, ingawa hata mashine yenyewe kwa ampea 40 inataka dakika 6 kazi 4 kupumzika kwa hiyo tunapumzika wote. Miwani ya grainda haitoshi jamani, vaeni kioo cha giza namba 8.

Kukata chuma kigumu naipa nyota nne. Mashimo siihesabii, yale yalikuwa ujinga wangu. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya klampu ya athi waliyoweka, ile ya kubana kwenye chuma unachokata, bati jepesi na springi yake imelegea wiki ya pili tu, mashine ya kukata springi imeshindwa kuweka springi ya maana kwenye klampu yake.