Baiskeli ya kukunja kwa safari za Dodoma: ya kununua kwanza, ya kufikiria mara mbili na ya kuacha dukani

Kutoka katikati ya Dodoma hadi Mji wa Serikali Mtumba ni kilomita 17 hivi, na asubuhi za kiangazi unaelekea mashariki upepo ukikupiga usoni. Wachache watapiga pedali njia yote hiyo na kufika kazini na shati kavu. Lakini daladala siyo inayomaliza hela. Kinachomaliza ni vile vipande vya mwanzo na mwisho: kilomita mbili kutoka nyumbani Iyumbu au Nzuguni hadi kwenye lami, na nyingine moja kutoka kituoni hadi mlango wa ofisi, kila siku bodaboda, kwenda na kurudi. Baiskeli ya kukunja kazi yake ni vipande hivyo. Unaipanda hadi kituoni, unaikunja, unaingia nayo, unashuka unaikunjua.

Tatizo ni kwamba nyingi zimebuniwa kwa miji yenye lami hadi uchochoroni. Dodoma ina mchanga, ina mbigili, na mafundi wake wamezoea Phoenix na baiskeli za watoto. Ndiyo maana orodha hii haikupangwa kwa uzuri wa mkunjo wala kwa wepesi. Imepangwa hasa kwa swali moja: tairi ikichanika Jumanne jioni, Jumatano utapata nyingine hapa hapa mjini? Baiskeli isiyojibu swali hilo, hata iwe nzuri namna gani, itakaa stoo miezi miwili ikisubiri mzigo.

Soma ubavu wa tairi kabla ya bei

Kuambiwa "inchi 20" au "inchi 16" hakutoshi. Ubavuni mwa tairi kuna maandishi mengine, kwa mfano 47-406. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi inapokaa, na hiyo ndiyo ya kuikariri.

406 ni ile inchi 20 ya baiskeli za watoto na za BMX, kwa hiyo tairi na tyubu zake zipo popote panapouzwa vipuri vya baiskeli. 451 nayo huitwa inchi 20, lakini rimu yake ni kubwa kwa milimita 45 na tairi ya mtoto haiingii hata kwa nguvu. Inchi 16 nazo ziko mbili: 305 ya baiskeli za watoto, na 349 wanayotumia Brompton. Muuzaji akisema tairi zipo tele, mwombe akuletee moja yenye namba ile ile uliyoisoma. Dakika mbili tu zinatosha kujua kama anaijua bidhaa yake.

1. Inchi 20 (406), fremu inayokunjwa katikati, gia sita hadi nane

Hii ndiyo ya watu wengi. Ya alumini huwa na kilo 11 hadi 13, ya chuma 13 hadi 15. Ikikunjwa hukaribia sentimita 80 kwa 65 kwa 40, kwa hiyo inaingia kwenye buti ya IST, chini ya meza ya ofisi, na ndani ya Coaster ukipanda mapema. Dahon na Tern ndio majina makubwa ya aina hii, na viwanda vingi vya China vimefuata umbo lile lile, vingine vizuri, vingine vya kukimbiwa.

Anza na gia, na usihesabu gia zenyewe, hesabu meno. Gurudumu dogo husogea kidogo kwa kila mzunguko wa pedali, hivyo sproketi ya mbele, ile sahani ya meno inayozungushwa na pedali, lazima iwe kubwa: meno 48 hadi 52. Ukiwa na 52 mbele na 14 nyuma, tairi ya 47-406 inakusogeza karibu mita 5.8 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, hiyo ni karibu kilomita 21 kwa saa bila kuhema. Wauzaji wengine wana baiskeli yenye meno 42 mbele na 14 nyuma. Kwa mkanyago ule ule unapata chini ya 17, na lami ikiteremka miguu inazunguka bure. Upande wa kilima, sproketi ya nyuma yenye meno 28 inatosha vipandio vya mjini, hata ile njia ya kupanda kuelekea UDOM.

Tairi ziwe na upana wa inchi 1.75 hadi 2.0. Nyembamba kuliko hapo zinazama kwenye mchanga wa mitaa ya Nkuhungu, gurudumu la mbele linakwama na wewe unaendelea mbele. Usivutiwe na springi za mbele wala za katikati. Zinaongeza uzito, bushi zake hulegea kwa vumbi, na tairi nene yenye upepo wa wastani inafanya kazi ile ile. Rimu ziwe za spoki, 28 au zaidi kwa kila gurudumu. Zile rimu za kumwaga zisizo na spoki zinapendeza dukani, ila zikipinda kwenye shimo hakuna fundi wa kuzinyoosha.

Breki zichague za V, zile za mikono miwili inayobana rimu. Raba zake ni rahisi kupata na kila fundi anajua kuzipanga. Diski za waya zinafanya kazi, lakini pedi zake zina maumbo mengi na si kila duka lina la kwako.

Kuna kipimo kimoja ambacho wanunuzi wengi hawakijui. Dahon na nyingi zilizoiga umbo lake zina habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele nyembamba, milimita 74 kati ya kuta za ndani za uma unaoshika gurudumu, wakati baiskeli za kawaida zina 100. Pima kwa rula dukani. Ikiwa ni 74, rimu, spoki, tairi na tyubu bado utapata, ila habu ikiharibika huwezi kuchukua gurudumu zima la BMX ukalipachika. Baina ya baiskeli mbili zinazolingana, chukua ya 100.

Bawaba ndizo roho yako

Zipo mbili: ya katikati ya fremu na ya nguzo ya usukani. Ya usukani ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana ikiachia ukiwa kwenye mwendo huna kitu cha kushika.

Ikunjue baiskeli na ufunge bawaba zote kabisa. Bana breki ya mbele, weka kidole kwenye mstari ambapo pande mbili za bawaba zinakutana, kisha sukuma na kuvuta baiskeli mbele na nyuma. Kidole kikihisi mchezo wowote, hata mdogo, mwambie muuzaji aikaze mbele yako. Kifungio cha wenzo huwa na nati au skrubu ya kurekebisha mkazo: wenzo uanze kukupinga ukiwa nusu ya safari yake, na mwisho uingie kwa nguvu ya kiganja. Ukiingia kwa kidole kimoja, umelegea. Ukihitaji kupigwa na kitu, umezidi, na wenzo utakatika. Mchezo ukibaki baada ya kurekebisha, pini imeshakula tundu lake. Iache baiskeli hiyo.

Kisha ikague mahali palipochomelewa kuzunguka bawaba, kwa tochi ya simu. Unatafuta ufa mwembamba kama unywele, mara nyingi rangi ikiwa imepasuka na kutu kuanza kuchungulia. Kwenye fremu ya chuma utaambiwa "hiyo inachomelewa tu". Keria au madigadi, sawa, ichomelewe. Bawaba hapana: joto linapindisha kipande kinachotakiwa kukutana sawasawa na mwenzake, na ufa hurudi pembeni mwa weldi mpya. Alumini haiwezekani kabisa kwa mashine ya kawaida ya mtaani.

Mwisho, ikunje mwenyewe mara tatu, muuzaji akiwa ameweka mikono nyuma. Tazama waya za breki na gia kila unapokunja. Zikibanwa na bawaba au zikivutwa hadi kunyooka kama uzi, zitakatika pale pale ndani ya miezi michache.

2. Zilizotumika kutoka Japani, inchi 20

Kwa mfuko mdogo hizi ndizo chaguo bora, na baadhi zimetengenezwa kwa uangalifu kuliko mpya za bei rahisi. Nyingi ni za chuma, kilo 14 hadi 17, zina kikapu, keria, madigadi na kengele tayari. Kagua zaidi kuliko ungekagua mpya, kuanzia na bawaba kama ilivyoelezwa.

Nyingi zina vali ya zamani yenye kimpira ndani, kama ya Phoenix. Hiyo ni faida, fundi anaijua. Breki ya nyuma mara nyingi ni ya ngoma. Inapiga kelele ikijaa vumbi lakini haihitaji raba. Kumbuka kuijaribu kwa mwendo mdogo kwanza ujue mkono upi unabana gurudumu lipi, kwa sababu kwenye baiskeli za Japani mkono wa kulia huwa wa mbele, na za Ulaya mara nyingi ni kinyume chake.

Chomoa nguzo ya siti yote uitazame. Lazima iwe na mstari wa mwisho wa kuchomoza, na ukiwa umeketi kwa urefu wako mstari huo usionekane. Nguzo iliyochakaa huteleza chini kila baada ya mashimo mawili. Kuibana zaidi hakusaidii, inahitaji kusafishwa grisi, na ikishindikana, kubadilishwa. Tairi zilizopasuka ubavuni kwa kukaa juani hesabu kama hazipo, na uzitoe kwenye bei.

3. Inchi 16 (349) zinazokunjwa mara tatu

Kwa mkunjo hakuna inayozifikia. Brompton, inayotengenezwa London, hukunjwa hadi takriban sentimita 65 kwa 59 kwa 27, cheni ikiwa imefichwa ndani isikuchafue suruali. Konda hatakuwa na la kusema, na anayekwenda Dar es Salaam kwa treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, atakuwa na mzigo mdogo wa kubeba.

Imewekwa ya tatu kwa sababu ya vipuri tu. Tairi ya 349 haibadilishwi na ya 305. Ukiinunua, agiza pamoja nayo tairi mbili, tyubu nne na seti mbili za raba za breki, siku hiyo hiyo. Ukiwa na akiba hiyo, na njia yako ikiwa lami karibu yote, tuseme Area D hadi mjini kati, ni baiskeli ya kufurahia miaka mingi. Kwa njia za mchanga, gurudumu hilo litakuchosha.

4. Inchi 24 au 26 za kukunja

Zinatembea vizuri kwenye udongo kuliko zote hapa. Lakini zikikunjwa bado ni mzigo wa kilo 16 hadi 18 wenye upana wa mlango. Zinamfaa mwenye gari au anayetaka tu kuiingiza chumbani usiku. Kwa daladala, hapana.

Za kuacha: inchi 14 kushuka chini, ambazo kila shimo zinalihisi kama shimo kubwa, 451, kwa sababu ya tairi, na yoyote isiyo na kibandiko cha uzito wa juu wa mpandaji. Zilizo makini huandika kilo 100 hadi 110. Ukiwa na kilo 85 na begi la kompyuta, ile ya kikomo cha 90 umeshaimaliza.

Za umeme zina kilo 18 hadi 25. Kwa anayetaka kwenda Mtumba moja kwa moja dhidi ya upepo zina maana, ila kuipandisha hiyo kwenye daladala kila siku mgongo utakataa.

Mbigili

Kiangazi, miiba ya mbigili imetawanyika pembezoni mwa lami na kwenye njia za mkato. Gurudumu la inchi 20 huzunguka mara nyingi zaidi kuliko la 28 kwa umbali ule ule, na kila sehemu ya tairi hukutana na ardhi mara nyingi zaidi. Kwa hiyo bajeti ya kinga iwe sehemu ya bei: tairi zenye tabaka nene la kuzuia miiba, au utepe wa plastiki kati ya tairi na tyubu, au gundi ya maji ndani ya tyubu, mililita 60 hadi 90 kwa gurudumu. Gundi inahitaji vali nene kama ya gari, yenye moyo unaofunguka. Jaza upepo kwa kufuata kiwango kilichoandikwa ubavuni na ukague kila wiki. Tairi laini huokota miiba zaidi na hukatwa na rimu kwenye mashimo. Ukiokota mwiba, uchomoe ukiwa nyumbani au kwa fundi, si njiani, maana mara nyingi wenyewe ndio umeziba tundu.

Cheni isipakwe oili chafu ya gari. Vumbi la Dodoma likichanganyika nayo hugeuka msasa na kula meno. Tone moja la oili nyepesi kwa kila kiungo, izungushe, kisha futa kwa kitambaa hadi nje ikauke.

Pedali za kukunja hufa kabla ya kitu kingine chochote. Uzi wake wa skrubu kwa kawaida ni wa inchi 9/16, kwa hiyo pedali ya kawaida inaingia badala yake. Ya kushoto hulegezwa kwa kuizungusha upande wa saa, na fundi akiilazimisha kinyume ataharibu mkono wa kranki.

Ukilazimika kuiacha nje, pitisha kufuli kwenye fremu na gurudumu la nyuma, kamwe si kwenye nguzo ya siti, ambayo huchomolewa kwa wenzo mmoja. Na baada ya wiki mbili za mwanzo rudi kwenye bawaba zote mbili, spoki na waya za breki ukaze upya. Vitu vipya hulegea kabla ya kutulia, na kipimo cha kidole ulichokifanya dukani kirudie kila mwezi.