Suti Yangu ya Temeke: Maoni ya Mteja Asiyetoa Anwani

Nianze na lawama, maana najua ndizo mtakazoniuliza. Fundi huyu anachelewa. Alisema Jumanne, suti nikaipata Jumamosi mchana, siku yenyewe ya sendofu ya mdogo wangu, tena nimemkuta bado anapiga pasi suruali. Risiti hatoi. Kioo chake ni kipande kinachokuonesha kuanzia magotini hadi kidevuni. Ukitaka kuiona sura yako juu ya koti, uiname. Na mfuko wa ndani ameushona mfupi, simu yangu inachungulia kama mtoto dirishani.

Pamoja na hayo yote, kama wewe ni mwanamke na unataka suti ya kiume, siyo ile ya ofisini yenye kiuno kilichobanwa, bali koti la kiume na suruali ya kiume zinazokaa kwenye mwili wako bila kukufanya uonekane umeazima kabati la kaka yako, basi kwa hapa Dar sijaona wa kumfikia. Jina lake silitaji. Mtaa pia siutaji. Ni mzee wa Temeke, ana vyerehani viwili vya Singer na overloki moja, na hapo ndipo ninapoishia.

Matomboi, yaani wanawake tunaopenda kuvaa kiume, wengi tunavalia soko la mitumba la Karume. Unawahi asubuhi belo likifunguliwa, unachambua mashati ya kiume, jinzi, sweta, na muuzaji hana shida na wewe mradi una hela. Ukitaka kuficha unasema unamnunulia bwana. Lakini suti ya mtumba ni balaa. Ilikatwa kwa ajili ya bega la Mzungu wa kilo tisini. Suruali ikikubali kiunoni inagoma kwenye hipsi, ikipita hipsi inaning'inia kiunoni. Ukimpa fundi wa kupunguza koti, analipunguza pembeni mpaka mifuko inakaribia kusalimiana mgongoni.

Kabla ya Temeke nilijaribu duka moja la mjini, lenye kiyoyozi na sanamu za kuvalisha mlangoni. Yule kijana wa kaunta aliniambia suti za kike wanazo, za sketi. Nikamwambia nataka kama ile, nikaonesha sanamu. Akamwita mwenzake aje asikie. Nikaondoka na kitambaa changu kwapani, mita tatu na nusu za bluu iliyokoza nilizonunua Kariakoo kwa shilingi 18,000 mita.

Kwa huyu mzee nilipelekwa na rafiki. Nikaamkia, akaitikia marahaba, akakipokea kitambaa na kukisugua kwa kidole gumba kabla hata ya kunitazama. Kijana wake anayejifunza kazi akaanza, "Kaka, kaa hapa... samahani, dada..." Mzee hakuinua macho. "Mteja," akamwambia. "Huyu anaitwa mteja."

Akapima bega, mkono, shingo. Kufika kifuani alinipitishia futi kwa nyuma, akaniachia ncha zote mbili: "Kutanisha mwenyewe mbele, nisomee." Nimepimwa na mafundi tangu sare za shule ya msingi, na hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo. Akaandika namba kwenye daftari la kaunta buku. Halafu akauliza swali moja tu: "Vifungo vikae kulia au kushoto?"

Wanaojua nguo wameshaelewa. Koti la kiume vifungo vyake hukaa upande wa kulia wa mvaaji, la kike upande wa kushoto. Nikajibu kulia. Akaandika "K" na kukizungushia duara, akahamia kwenye urefu wa suruali. Kwa aina yetu, lile lilikuwa swali kubwa kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa na ndugu zangu, na yeye alilimaliza kwa herufi moja.

Siku ya kujaribu, nikiwa nimesimama na koti lililoshikizwa kwa nyuzi nyeupe za muda, alinisimulia habari za aliyemfundisha kazi, Kariakoo, miaka ya TANU. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: mini, mawigi, suruali za kubana, mkorogo, vyote marufuku Dar es Salaam kuanzia Januari 1969. Vijana hawakungoja tarehe, Oktoba ile ile walikuwa wanasubiri wasichana vituo vya basi ili wawavamie. "Mwalimu wangu alipata kazi sana," alisema mzee. "Wiki nzima anafumua suruali, anaongeza upana. Mwaka uliofuata hao hao wakarudi, wakitaka zibanwe tena." Akacheka, akaendelea kubandua pini begani kwangu. Sikujua kama ananiambia kitu au anapiga soga tu, na sikuuliza.

Kwa wasomaji wa mbali wanaoshangaa kwa nini naficha anwani ya fundi nguo: mwishoni mwa Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga na akawaomba wananchi wampelekee majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema yale yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Sawa. Lakini sisi tulikuwa tumeshafuta picha kwenye simu, na mimi niliishi ndani ya madera ya mwenzangu kwa muda. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kujamiiana "kinyume cha maumbile", bado kipo, adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Zanzibar mwaka 2004 walitunga sheria yao inayowataja moja kwa moja wanawake wanaolala na wanawake, kifungo hadi miaka mitano. Hakuna kifungu hapo kinachozungumzia suruali wala vifungo vya koti, ila mtaani nguo ndiyo ushahidi wa kwanza kuletwa.

Turudi kwenye kazi yake. Koti amelipasua nyuma mara mbili, pasuo kila ubavu, badala ya moja katikati. Kwa hiyo hipsi zangu zinapata nafasi na koti halijinyanyui nikikaa. Kifuani ameficha nafasi ndani ya mshono wa ubavuni, kwa mbele linaanguka moja kwa moja. Bega halina sponji nene. Suruali ina mikunjo miwili mbele, nami nilidhani itanizeesha, lakini ndiyo inayofanya paja lisibane. Bitana ni ya kijivu, imetulia. Tundu za vifungo ameshona kwa mkono. Hizo ndizo zilizomchelewesha, na kwa hizo nimemsamehe Jumanne yake.

Ukumbini shangazi mmoja alinitazama sana, mwisho akasema, "Umependeza, ila ungeweka na hereni." Nimelipokea hilo kama ushindi. Mwenzangu alikuwa meza ya tatu, gauni la kitenge, ametambulishwa kama "rafiki yake wanayekaa naye", jambo ambalo ni kweli. Mwenye nyumba wetu wa Tabata naye anatusifu kwa wapangaji wengine: wasichana wawili watulivu, hawaleti wanaume. Kodi tunalipa pamoja na hajawahi kutusumbua. Wakati wa kutunza, mwenzangu alipita mbele akicheza, akanirekebisha kola mbele ya ukoo mzima, na MC akasema, "Mnaona marafiki wa kweli!" Watu wakapiga vigelegele.

Bei: ufundi shilingi 130,000, koti na suruali. Nusu unatanguliza, nusu siku ya kuchukua, na usijaribu kumpunguza maana atakurudishia kitambaa. Nenda na zipu yako, za kwake ni laini mno. Bitana nunua mwenyewe Kariakoo. Mwambie mapema kuhusu mfuko wa simu, na mpe tarehe ya uongo, iliyo wiki moja kabla ya shughuli yako. Ukimhitaji, muulize mtu unayemwamini, yupo atakayekupeleka. Mwenzangu ameshapeleka kitambaa cha kizibao, vifungo kushoto. Ameambiwa aje Alhamisi, nasi tumejipanga kwa Jumatatu.